Sanduku Jeupe la Wajapani

Wako watu wengi ulimwenguni wachomao maiti zao, lakini kwa rai yangu ni Wajapani waliomkaribisha seremala katika jambo hilo kwa adabu iliyo kubwa kuliko wote. Tarehe zao zasema kwamba wa kwanza kuchomwa alikuwa mtawa Dosho wa dini ya Buddha, mwaka 700, na Jito, aliyepata kuwa malkia mtawala, akafuatia mwaka 703. Na tangu hapo ada hiyo ikakita mizizi, isipokuwa kati ya mwaka 1873 na 1875, ambapo serikali ya mfalme Meiji iliiharimisha kwa kuwaridhisha wafuasi wa dini ya Shinto, kisha ikalazimika kuirudisha kwa dhiki ya ardhi ya makaburi mijini.

Moto ukisha kufanya kazi yake, jamaa husimama wawili wawili, wakauokota mfupa mmoja pamoja kwa vijiti vyao, wakianza miguuni na kuishia kichwani, ili marehemu asije akakaa kichwa chini chunguni. Chungu hicho cha kauri ndicho kitiwacho katika sanduku la mbao, na kipimo chake si kimoja nchi nzima: upande wa Tokyo mifupa huokotwa yote, hata chungu hupita sentimita 20 kwa kimo, ilhali upande wa Osaka huokotwa baadhi tu, na seremala wa huko hukata mbao fupi zaidi.

Mti wenyewe ni paulonia, mwepesi ajabu, usiopindika upesi wala kuingiwa na unyevu kwa urahisi. Ndio huohuo wa makasha ya nguo za maharusi, na ilikuwa dasturi kuupanda azaliwapo binti ili ukatwe aposwapo. Msomaji wa Lamu au Unguja, ajuaye heshima ya kasha la bibi arusi, hatastaajabu. Fundi wa jadi huupiga ubao randa mpaka mkono usihisi kitu, huunga pembe kwa meno yaumanayo, na mahali pa misumari ya chuma, ambayo kutu yake ingeutia ubao madoa, hukaza kwa vijiti vya mti mgumu. Rangi hapaki. Sanduku hubaki na weupe wake, likafungwa kwa kitambaa cheupe, likapakatwa kifuani.

Wepesi wa sanduku hilo ndio uliokuja kuwa msiba. Vita na China vilipowaka mwaka 1937, askari waliokufa walirejeshwa katika masanduku meupe yaliyoning'inizwa shingoni mwa wenzao, na mwanzoni ndani yalikuwamo mabaki ya kweli. Vita vilipoenea katika visiwa vya Pasifiki, majeshi mazima yakaangamia pasina wa kuokota mfupa, masanduku hayakukoma kuja. Ila wazazi waliofungua walikuta jiwe, au mchanga, au kipande cha karatasi chenye jina. Seremala alikuwa ametimiza wajibu wake. Sidhani kuwa waliomletea kazi walitimiza wao.

Mwaka 1959 yalifunguliwa Tokyo makaburi ya Chidorigafuchi, kwa mabaki yaliyorudi bila kujulikana ni ya nani. Katika Wajapani kiasi cha 2,400,000 waliofia ng'ambo katika vita hivyo, zaidi ya 1,000,000 hawajarudishwa, na serikali ingali ikituma watu visiwani kuwatafuta.