Kugeuza Magari Bunia: Historia ya Ufundi Ulioanzia Barabarani

Ufundi wa kugeuza magari mjini Bunia, mashariki mwa Kongo, umetokana na dhahabu. Madini hayo yaligunduliwa Kilo mwaka 1903, na kampuni ya Kilo-Moto, iliyoundwa mwaka 1926, ilihitaji barabara, malori na mafundi wa kuyatunza. Bunia ilikaa pazuri: migodi kaskazini, Irumu kusini, na mashariki bandari ya Kasenyi kwenye Ziwa Albert. Shehena iliyopakuliwa Mombasa ilisafiri kwa reli, meli na barabara hadi Butiaba, upande wa Uganda, kisha ikavuka ziwa. Meli ya Robert Coryndon ilianza kazi hiyo mwaka 1930.

Njia ya Kasenyi ndiyo iliyowafundisha mafundi. Bunia iko mita zipatazo 1,270 juu ya usawa wa bahari, ziwa mita kama 620; tofauti hiyo yote gari huimaliza kwenye mteremko mmoja wa Bonde la Ufa, likiwa na mzigo. Kwa hiyo mwenye lori aliyetaka gari lake ligeuzwe alizungumza na fundi kuhusu breki na springi kwanza, injini baadaye. Marekani mambo yalikwenda kinyume. Pontiac GTO ya mwaka 1964 ilipatikana kwa kutia injini ya lita 6.4, ya gari kubwa, ndani ya bodi ya gari la wastani. Barabara zilikuwa na lami tayari, kilichotafutwa ni mbio.

Mwaka 1973 serikali ya Rais Mobutu iliwanyang'anya wageni maduka na biashara zao na kuwagawia raia. Vipuri viliadimika nchi nzima. Hapo magari mabovu yakaanza kuchinjwa: giaboksi inakwenda kwa huyu, difu kwa yule, na chesesi iliyopasuka inaungwa kwa bamba la chuma. Ni enzi ya shida, lakini ndiyo iliyowazoeza mafundi kuliona gari kama vipande vinavyoweza kupangwa upya, wala si kitu kilichokamilika kiwandani.

Vita vya 1999 hadi 2003 viliuelekeza mji Uganda zaidi, na magari yaliyotumika Japani yakazidi kuingia kupitia Mombasa na Kampala. Linalotamaniwa kuliko yote ni Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 70, uliozinduliwa mwaka 1984. Injini yake ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2 iliyotoka mwaka 1990, haina turbo, na pampu yake ya mazutu haitegemei kompyuta. Fundi huifungua kwa spana na kuifunga tena. Anayejiandalia gari la njia ya Mongbwalu, kwenye migodi ya kaskazini, huongeza majani ya springi, huinua bomba la hewa hadi usawa wa paa ili injini isinywe maji mtoni, na huimarisha bodi kwa vyuma pale mzigo unapokaa.

Kazi ngumu kuliko zote ni ya usukani. Uganda huendesha kushoto, Kongo kulia, na gari la Japani huja na usukani kulia. Kuuhamisha ni kuhamisha pia pedali na dashibodi, kutoboa ukuta unaotenga injini na kabini, na kubadili taa za mbele, kwa kuwa zile za awali hutupa mwanga kushoto, machoni mwa shofere anayekuja. Kwa Land Cruiser kuna nafuu: kiwanda huliunda kwa pande zote mbili, hivyo vipuri vinavyofaa vipo. Basi dogo la Hiace lina tatizo jingine. Mlango wake wa abiria uko kushoto, na usukani hata ukihamishwa, abiria wanaendelea kushukia katikati ya barabara. Kuuhamisha mlango wenyewe maana yake ni kukata na kuchomelea upya ubavu mzima wa gari.