Mwanza Ilivyohesabu Kabla na Baada

Ndugu zetu wana Mwanza, mlioko nyumbani na mlioko mbali, ipo hesabu iliyofanyika kwetu ikasomwa dunia nzima. Mwaka 1991 jamii 12 za mkoa wetu zilianza kupangwa jozi sita. Katika kila jozi, jamii moja iliboreshewa matibabu ya magonjwa ya zinaa: watumishi wa zahanati walifundishwa, dawa zililetwa bila kukatika, wasimamizi walipita kukagua. Jamii ya pili ilisubiri zamu yake, na kusubiri huko si jambo dogo. Katika kila jamii walipimwa watu wazima wapatao 1,000, wakapimwa tena baada ya miaka miwili. Walioambukizwa VVU upya walikuwa asilimia 1.9 kwa waliosubiri, 1.2 kwa waliohudumiwa.

Baadaye ukaja mradi wa MEMA kwa Vijana, mashuleni na zahanati. Vijana walielimika kweli, lakini vipimo havikuonyesha maambukizi kupungua. Bila kupima tungeshangilia tu.

Kwa hiyo katika mchango wa zahanati mwaka huu tunaomba pia fungu la kuhesabu wagonjwa, kabla dawa hazijafika na baada ya kufika.