Stockfish: ng'onda wa bure, lakini ana miiba

Leo nawaletea historia fupi ya Stockfish, programu huria ya kucheza sataranji, au chesi kama wengi tunavyoiita. Nimeichagua kwa sababu ya neno moja ambalo sisi waandishi wa programu hulichukulia kirahisi mno: "bure".

Mwaka 2004 Tord Romstad wa Norway alitoa programu huria aliyoiita Glaurung. Mwaka 2008 Mwitaliano Marco Costalba alichukua msimbo wake, akaurekebisha, akautoa kwa jina jipya: Stockfish, yaani samaki mkavu, kama ng'onda wetu wa pwani. Utani wao ni kwamba samaki huyu alitoka Norway akapikwa Italia.

Mwaka 2013 Gary Linscott alianzisha Fishtest, na hapo ndipo nguvu ilipotoka. Ukibadilisha hata mstari mmoja wa msimbo, toleo lako hupambanishwa na la zamani katika maelfu ya michezo, kwenye kompyuta za watu wanaojitolea. Ukishindwa, kazi yako inatupwa, hata uwe nani. Kisha mwaka 2020 Stockfish 12 ikaongezewa mtandao wa neva, kwa mbinu ya Yu Nasu wa Japani, aliyeibuni kwa ajili ya shogi, sataranji ya Kijapani.

Februari 2021 kampuni ya Kijerumani, ChessBase, ilianza kuuza Fat Fritz 2 kwa karibu euro 100. Ndani yake mlikuwa na Stockfish ileile, yenye mtandao wa neva tofauti na mabadiliko machache. Sasa sikilizeni: kuuza si kosa. Leseni ya GPL inaruhusu, mradi mnunuzi aelezwe haki zake na apewe msimbo. Watu wa Stockfish walisema masharti hayo yamevunjwa. Waliifutia kampuni leseni, na Julai mwaka huohuo wakaishtaki mjini Munich. Novemba 2022 walipatana: ChessBase iache kuuza programu zenye Stockfish kwa mwaka mmoja, na iteue afisa wa kusimamia leseni za programu huria.

Kwa hiyo, wenzangu, kabla ya kunakili msimbo wa mtu na kumuuzia mteja, fungueni kwanza faili la leseni. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.