Kufuga ni Kuzalisha

Katika nchi ya Ugogo neno kufuga halichezewi. Mtu akikwambia kuwa anafuga, humuulizi amenunua ng'ombe wangapi. Unamuuliza wamezaa wangapi. Mwenye zizi ambalo kila mwaka hulijaza kwa kununua mnadani, huku ndama hawaonekani, huyo ni mchuuzi. Hana kosa, lakini si mfugaji. Naomba msomaji aniruhusu niitumie tofauti hiyo kupimia jambo lisilohusu ng'ombe hata kidogo, yaani historia ya ndege wadogo wa uwanda wetu wa kati waliokwenda kuishi katika matundu ya watu wa mbali.

Sisi tuliokulia Dodoma katika miaka ya mwisho ya ukoloni hatukumjua ndege mdogo kama pambo la nyumba. Tulimjua kama adui wa uwele na mtama. Mvua zetu ni za msimu mmoja, toka Desemba hadi Aprili, na mara nyingi hazifiki milimita 600 kwa mwaka. Kilichoiva kikiliwa, hakuna msimu wa pili wa kufidia. Kwa hiyo watoto tulipanda dunguni alfajiri, teo mkononi, tukawaamia ndege mpaka jua lizame. Kwelea kwelea wakishuka kwa maelfu, jasho la familia nzima huweza kwisha kwa siku chache. Aliyekulia juu ya dungu hashawishiki upesi kwamba kuna mtu duniani anayetoa fedha ili akae chumba kimoja na mla mtama.

Lakini watu hao wako, na historia yao ni ndefu. Ndugu wa chiriku wetu, wale wa manjano waliotoka visiwa vya Canary, wamezalishwa majumbani Ulaya kwa zaidi ya miaka 400. Wachimba makaa wa Uingereza waliwashusha migodini, ili ndege akizimia wao wajue kuwa hewa imeingia sumu. Kazi hiyo ilikoma katika mwaka 1986. Ndege wa namna hiyo hatafutwi tena mwituni, kwa sababu kila anayemtaka humpata kwa jirani aliyepata vifaranga. Huo ndio ufugaji kwa maana yetu ya Kigogo.

Uwanda wetu nao una ndege aliyepita njia hiyo. Ni kasuku mdogo, urefu wake kama sentimita 15, mwili wa kijani, kichwa cheusi, kola ya manjano shingoni, mdomo mwekundu na duara jeupe kulizunguka jicho. Asili yake ni Tanzania tu, na Dodoma ni katikati ya nchi yake. Hutaga katika mashimo ya mibuyu, na pengine chini ya mapaa ya nyumba zetu. Mtaalamu wa Kijerumani, Anton Reichenow, ndiye aliyempa jina la kisayansi mwaka 1887, na katika miaka ya 1920, Waingereza wakiitawala Tanganyika, alianza kufika Ulaya na Marekani akiwa hai.

Mwaka 1927 alifika London mmoja wa ajabu. Pale ambapo wenzake ni kijani yeye alikuwa wa buluu, na pale penye manjano yeye alikuwa mweupe. Alikuwa amekamatwa mwituni huku kwetu. Wafugaji wakagundua kwamba ukimpandisha wa buluu na wa kijani, watoto wote hutoka wa kijani. Lakini ukiwapandisha watoto wa namna hiyo wao kwa wao, kwa wastani mmoja katika wanne huwa wa buluu. Walimu watalitambua somo hilo. Ni sheria ya Mendel, ambayo tuliifundisha vyuoni kwa mfano wa njegere, zao ambalo wanachuo wangu wengi hawakuwahi kuliona shambani, ilhali mfano mwingine ulikuwa unapiga kelele katika mbuyu nje ya dirisha.

Kumzalisha si kazi ngumu mno, ila inataka subira. Dume na jike hawatofautiani kwa macho, hata mtu huweza kuwaweka majike wawili pamoja na kungoja bure. Jike hubeba vipande vyembamba vya magome kwa mdomo na kujenga kiota ndani ya sanduku la mbao. Hutaga mayai manne au matano, akayaatamia kama wiki tatu, na makinda hukaa kiotani kama wiki sita kabla ya kuruka. Na huko ugenini anakula nini? Hula uwele na mtama, tena mara nyingine huning'inizwa suke zima ndani ya tundu. Chakula kile kile tulichomfukuzia kwa teo!

Kwa kuzalisha, wenzetu walipata ndege, wakapata na elimu. Katika miaka ya 1960 Mmarekani William Dilger aliwapandisha kasuku wadogo wa aina mbili, mmoja akiwa wa Tanzania ambaye hubeba magome kwa mdomo, na mwingine wa kusini-magharibi mwa Afrika ambaye huyachomeka katika manyoya ya mgongoni. Watoto wao walichanganyikiwa. Walichomeka, magome yakaanguka, wakachomeka tena. Ikawachukua kama miaka mitatu kujifunza kubeba kwa mdomo, na hata hapo waligeuza kichwa nyuma kabla ya kuondoka. Kwa mwalimu anayejiuliza mtoto huzaliwa na nini na hufundishwa nini, hilo ni somo la maana. Ndege alikuwa wetu kwa nusu; daftari halikuwa letu.

Sasa tutazame upande wetu. Katika miaka ya 1980 Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizosafirisha ndege hai wengi kuliko nyingine zote duniani. Walikwenda kasuku, na walikwenda wala-mbegu wadogo kuliko chiriku, kama yule wa buluu ambaye dume lake lina shavu jekundu. Wote hao walinaswa porini, na wengi walikufa kabla ya kufika kwa mnunuzi. Mtegaji alipata sehemu ndogo kabisa ya bei ya mwisho. Tena kwa vile ndege wa porini alikuwa rahisi, mnunuzi naye hakuona haja ya kuhangaika. Yule wa shavu jekundu ni mgumu kumzalisha, maana makinda yake yanataka wadudu hai kama mchwa. Kwa nini mtu atafute mchwa huko kwenye baridi, ilhali wiki ijayo tundu jipya linashuka kutoka Dar es Salaam? Hivyo urahisi wa bei uliwafanya hata wafugaji wawe wachuuzi.

Mwaka 1992 Marekani ilitunga sheria ya kuwabana waingizaji wa ndege wa mwituni. Nchi za Umoja wa Ulaya zilifunga milango kwa muda mwaka 2005 kwa hofu ya mafua ya ndege, zikaifunga kabisa mwaka 2007. Mwaka 2016 Serikali yetu nayo ilisimamisha usafirishaji wa wanyama hai kwenda nje.

Baada ya hapo alinijia mtu niliyemfundisha zamani, ambaye aliuacha ualimu kwa ajili ya biashara hiyo. Baada ya shikamoo na marahaba aliniuliza: "Mwalimu, ndege huyu huyu anazalishwa uani Ulaya na kuuzwa, wala hakuna anayemkamata mwenye tundu. Mimi niliye nyumbani kwa ndege mwenyewe naambiwa nikae mbali. Haki iko wapi?" Sikumcheka. Alikuwa na watoto shuleni, na matundu yake yalikuwa yamelala matupu.

Nilimpa mfano wa Australia. Nchi hiyo ina ndege mdogo mwenye mdomo mwekundu na mkia wenye mistari, ambaye Waingereza humwita kwa jina la pundamilia. Tangu mwaka 1960 Australia haiuzi tena ndege wake wa porini, lakini yule wa mistari amejaa katika nyumba za dunia nzima, kwa kuwa alikuwa amekwisha kuzalishwa. Mlango ulipofungwa, aliyeumia ni mchuuzi. Mfugaji aliendelea kuhesabu makinda. Nasi, wakati wanunuzi walipokuwa wakitubishia hodi, tuliwauzia mtego badala ya kizazi. Leo wanacho kizazi chao, na hawatuhitaji tena. Hasara hiyo ni ya kweli, na si haki kumtupia mtegaji peke yake.

Hata hivyo kuna kitu kimoja ambacho wao hawana. Ndege wa matunduni amechanganywa mno kwa kutafutiwa rangi. Hata Naivasha, nchini Kenya, kasuku wa aina hii waliotoroka wamezaana na wa aina nyingine mpaka ni vigumu kumpata aliye safi. Mbegu halisi iko kwenye mibuyu ya uwanda huu. Anayetaka kumfuga nyumbani leo lazima kwanza apate kibali, kwa mujibu wa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, na ni vema iwe hivyo. Lakini mbuyu hauhitaji kibali kuachwa usimame wakati mji unapopanuka, wala mwanachuo wa ualimu hahitaji kibali kusimama chini yake na daftari, akahesabu viota mwaka huu na mwaka ujao. Zizi letu ndilo hilo. Tujiulize kama wazee wetu walivyouliza juu ya ng'ombe: wamezaa wangapi?