Mlango Mwekundu: Familia na Maradhi katika Filamu ya It Comes at Night

Tulipomaliza kuitazama filamu ya It Comes at Night (2017), iliyotungwa na kuongozwa na Mmarekani Trey Edward Shults, wenzangu walilalamika: "Sasa huyo anayekuja usiku yuko wapi?" Jina linaahidi zimwi, na zimwi halitokei. Mimi naona malalamiko hayo yamekosea njia. Katika filamu hii kitu cha kuchunguzwa ni mlango, na mlango ule una historia ndefu kuliko senema yenyewe.

Kwa ambaye hakuiona, kisa chake ni kifupi. Maradhi yasiyotajwa jina yameangamiza watu. Paul, mkewe Sarah na mtoto wao Travis, kijana wa miaka 17, wamejificha katika nyumba msituni. Filamu inaanza na baba yake Sarah akiwa mahututi. Paul anamtoa nje kwa toroli, anampiga risasi, kisha mwili unachomwa moto. Nyumba inaingiwa kwa mlango mmoja tu, mwekundu, na funguo wanazo Paul na Sarah peke yao. Anakuja Will, ambaye ana mke, Kim, na mtoto mdogo, Andrew. Baada ya kufungwa kwenye mti na kuhojiwa, anapokelewa pamoja na watu wake. Halafu usiku mmoja mlango unakutwa wazi. Nani kaufungua? Hatuambiwi kamwe.

Sasa hebu twende London, mwaka 1665. Tauni ilipoingia, nyumba yenye mgonjwa ilifungwa na wote waliokuwamo, wagonjwa kwa wazima. Mlangoni ulichorwa msalaba mwekundu wenye urefu wa futi moja, na karibu yake maneno ya kumwomba Mungu rehema. Walinzi wawili walipangwa, mmoja wa mchana na mmoja wa usiku. Samuel Pepys, karani wa serikali aliyekuwa akiandika shajara, aliona milango ya namna hiyo tarehe 7 Juni mwaka huo. Sheria ya mwaka 1604 ilikuwa kali zaidi: mwenye vidonda vya tauni akikutwa nje kati ya watu aliweza kunyongwa. Takwimu za vifo za mji zilihesabu watu 68,596 waliouawa na tauni mwaka ule, na wanahistoria wanakubali kwamba idadi halisi ilizidi hapo.

Daniel Defoe alikuwa mtoto mdogo wakati huo. Kitabu chake, A Journal of the Plague Year, kilitoka mwaka 1722, baada ya tauni ya Marseille ya 1720 kuwatia Waingereza hofu upya. Msimulizi wake, tunayemjua kwa herufi H.F. tu, anaurudia mjadala wa kufungia nyumba mara nyingi hadi unachosha. (Nakiri niliruka kurasa kadhaa.) Lakini hoja yake ni nzito: nyumba zilipofungwa, watu walianza kuficha ugonjwa. Walinzi walihongwa, walidanganywa, wengine walishambuliwa. Watu walitorokea mlango wa nyuma na kuyapeleka maradhi mbali. Yaani amri iliyokusudiwa kuzuia maradhi ilizaa uongo, na uongo ukayatembeza.

Hapo ndipo ninapomwelewa Will. Mwanzoni anasema alikuwa na kaka yake; baadaye, wakiwa na Paul kwenye kinywaji, linamtoka kwamba alizaliwa peke yake. Akibanwa anasema alimaanisha kaka wa Kim. Je, ni mwongo? Huenda. Lakini mtu aliyelala usiku kucha amefungwa kwenye mti, akijua kwamba jibu moja baya litawaua mkewe na mwanawe, angesemaje? Paul amejifanya serikali, mlinzi na hakimu kwa pamoja, ndani ya familia moja. London mlinzi alikaa nje ya mlango. Huku anakula nao meza moja.

Na Paul huyu, jamani, alikuwa mwalimu wa historia! Shults hakuliweka jambo hilo bure, kama vile hakuionyesha bure picha ya Pieter Bruegel Mkubwa ya karne ya 16 yenye jeshi la mifupa likiteketeza nchi. Paul anamfundisha mwanawe kwamba asimwamini mtu ila wa familia yake. Mwalimu anayeijua Roma amelisahau somo la mlango.

Rafiki yangu mmoja alinipinga kwa kunitajia Eyam, kijiji cha Uingereza ambacho mwaka 1666, chini ya kasisi William Mompesson, kilikubali kujifungia ili tauni isivuke mipaka. Chakula kiliachwa mpakani, na malipo yake yakawekwa ndani ya siki. Huo ni mfano wa kuaminiana, akasema, na watu wapatao 260 walikufa vilevile. Ni kweli. Elizabeth Hancock alizika mume na watoto sita kwa siku nane. Ila rafiki yangu alisahau kwamba Mompesson aliwaondoa watoto wake wawili kabla ya kijiji kufungwa. Hata mchungaji alikuwa na Paul ndani yake. Tofauti ni kwamba majirani zake hawakumpiga mtu risasi.

Kwa Paul mambo yanakwenda vingine. Familia ya pili inataka kuondoka. Will anauawa na Sarah, Andrew anapigwa risasi mgongoni mwa ukimbizi wa mama yake, na Kim anaomba naye auawe. Baadaye Travis anakufa kwa maradhi yaleyale. Rafiki yangu bado anashikilia kwamba Paul alifanya kila alichopaswa kufanya baba. Mimi ninamrudisha kwenye usiku ule wa mlango: Andrew alikutwa amelala katika chumba cha marehemu babu, na aliyemshika mkono kumrudisha kwa wazazi wake alikuwa Travis. Nani alimwambukiza nani? Filamu inamalizika Paul na Sarah wakiwa wamekaa mezani wakitazamana, wagonjwa, bila neno, na hakuna mgeni tena wa kulaumiwa.