UZI: Risasi ilivyotoka kwenye petroli, kisha ikarudi kwa mlango wa nyuma

Mjadala wa hewa chafu ukianza huku mtandaoni, lazima mmoja aseme sheria za mazingira zinaua kazi na kupandisha bei ya mafuta. Mwingine anajibu kwamba shida ni madereva wa matatu. Kabla hamjashikana mashati, someni kisa hiki cha risasi. Si ya bunduki, ni yale madini yaliyokuwa kwenye petroli.

Miaka ya 1920 Wamarekani waligundua kwamba ukitia risasi kidogo kwenye petroli, injini haigongi. Oktoba 1924 wafanyakazi 5 wa kiwanda kimoja cha New Jersey wakafa kwa sumu yake. Biashara iliendelea tu, na dunia ikaiga. Kwa hivyo msidanganywe ati ubaya wake ulijulikana juzi.

Risasi hutoka kwenye ekzosi kama vumbi laini, na haiozi. Inatua kwa mchanga, kwa sukuma ya kando ya barabara, kwa vidole vya mtoto anayecheza nje. Ikiingia mwilini inakaa kwa mifupa, na kwa mtoto inapunguza akili. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kilicho salama. Lakini mtoto huyo haonekani mgonjwa, anaonekana tu mzito darasani. Nani atafanya maandamano kwa sababu hiyo?

Japani iliachana nayo miaka ya 1980. Sisi tukawa tunanunua magari yao yaliyotumika, yenye kifaa cha kusafisha moshi, halafu tunayatilia petroli ya risasi ambayo inaua kifaa hicho hicho! Na sababu za kuchelewa zilikuwa hizi mnazozisikia hadi leo: magari kuukuu yataharibika, kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe hakitaweza, bei itapanda.

Juni 2001, mjini Dakar, nchi za Afrika kusini mwa Sahara zikakubaliana kuiondoa. Kufikia Januari 2006 ilikuwa imetoka kwenye petroli ya eneo hilo lote, Kenya ikiwemo. Hata miaka 5 haikuisha. Magari kuukuu yakaendelea kunguruma. Na angalieni vile ilifanyika: hakuna dereva aliyeshikwa barabarani wala kuombwa abadilishe tabia. Kilichobadilishwa ni mafuta yenyewe, kabla hayajafika petroli stesheni. Mwaka 2015 Afrika Mashariki ikafanya vivyo hivyo kwa dizeli, salfa ikashushwa hadi sehemu 50 kwa milioni.

Sasa hapa ndipo panauma. Mara tu baada ya risasi kutoka kwenye petroli, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kilifunguliwa Owino Uhuru, Mombasa, ukuta kwa ukuta na nyumba za watu. Moshi wa risasi uleule. Uliangukia mabati, watoto wakavuta, watu wakaugua na wengine wakafa. Na hoja ya kukitetea ilikuwa, bila shaka, kazi. Baadhi ya walioumia ni haohao waliopewa kazi.

Kilifungwa 2014. Julai 2020 mahakama ya mazingira na ardhi ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe Sh1.3 bilioni, na lawama haikuachiwa kampuni peke yake. Taasisi za serikali zilizopaswa kusimamia ziligawiwa sehemu yao. Rufaa zikafuata, watu wakaendelea kungoja.

Petroli ilikuwa na lango moja, ukilifunga kazi imeisha. Kiwanda kina leseni, kina mkaguzi, kina ofisi iliyotia saini, na huko kote mtu anaweza kufumba macho. Kwa hivyo mkisikia "mazingira dhidi ya kazi," ulizeni leseni ilitolewa na nani na ukaguzi wa mwisho ulikuwa lini.

Halafu kuna Kifungu cha 70 cha Katiba, ambacho wengi hawakijui: unaweza kwenda kortini kutetea haki ya mazingira safi bila kuthibitisha kwamba kuna mtu ameshaumia.