Mtetemo wa Usukani: Ulifukuzwa, Kisha Ukanunuliwa Upya

Tangu Julai 2024, gari jipya haliuzwi katika nchi za Umoja wa Ulaya bila mfumo wa kumzuia dereva asiyumbe na kutoka kwenye njia yake. Kamera iliyofichwa nyuma ya kioo cha mbele husoma mistari iliyochorwa barabarani. Tairi likiukaribia mstari na indiketa haijawashwa, kompyuta huingilia kati, na katika magari mengi dereva huonywa kwa usukani kutetemeka mikononi mwake.

Kati ya Kasongo na Kabambare, kusini mwa mkoa wa Maniema, mashariki mwa Kongo, hakuna mstari wa kusomwa na kamera. Lakini usukani hutetemeka kutwa nzima.

Wahandisi walihangaika zaidi ya nusu karne kuutoa mtetemo huo kwenye viganja vya madereva. Walipofaulu, wakaanza kuurudisha, safari hii kwa kipimo na kwa bei. Mimi naona kilichorudi sicho kile kilichoondolewa, na mahali pa kuliona hilo vizuri ni kwenye barabara kama hii.

Kabambare ilifikiwa kwa miguu kwa muda mrefu kabla ya gurudumu. David Livingstone, aliyeiandika Bambarre, aliingia huko Septemba 1869. Henry Morton Stanley alipita Oktoba 1876, wapagazi wake wakiwa wamebeba mashua ya Lady Alice vipande vipande. Hiyo ndiyo njia ya misafara iliyotoka Ujiji, ikavuka ziwa Tanganyika, ikaishia Kasongo ya mfanyabiashara Tippu Tip na Nyangwe, na mizigo yote ilikaa vichwani na mabegani mwa watu, wengi wao watumwa. Majeshi ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji chini ya Francis Dhanis yaliitwaa Kasongo Aprili 1893. Reli ya kampuni ya CFL kutoka Kindu hadi Kongolo, iliyokamilika kufikia 1911, ilipita ng'ambo ya magharibi ya mto Lualaba. Kasongo na Kabambare zikabaki mashariki, na huko kila kitu kikaiangukia barabara ya udongo.

Magari ya kwanza ya Ulaya hayakuwa na usukani wa duara. Yaliongozwa kwa mkono wa chuma, na tairi likigonga jiwe, pigo lote lilimfikia dereva begani. Mwaka 1894, katika mashindano ya Paris hadi Rouen, Alfred Vacheron alifunga duara kwenye Panhard yake, na baada ya miaka michache mtindo ukaenea. Meno ya chuma yaliyowekwa kati ya duara na matairi yalipunguza pigo bila kulimaliza. Hata kwenye Land Rover ya mwaka 1948 dereva mgeni alifundishwa kwanza kuweka vidole gumba nje ya duara, maana tairi likijikwaa kwenye shimo, mihimili ya usukani huzunguka ghafla na kuweza kumvunja kidole.

Maumivu hayo yalikuwa na faida yake. Usukani ukiwa mzito, tope limeshika matairi ya mbele. Ukiwa mwepesi ghafla, matairi hayana mshiko, iwe ni mchanga au utelezi. Ukivuta upande mmoja, kuna tairi linaloishiwa upepo, au gari limeingia kwenye mfereji uliochimbwa na maji ya mvua. Mambo haya humfikia dereva kabla macho hayajaona lolote, hasa usiku, na hasa katika mabonde ya mto Luama ambako dimbwi halionyeshi kina chake. Dereva hodari wa lori la mizigo huyajua bila kuyafikiria, na ukimwomba ayaeleze atakushangaa.

Ila mkono nao hudanganywa. Barabara ya udongo ikipitiwa na magari mengi huota mawimbi madogo yaliyokingama, moja baada ya jingine, kilomita kwa kilomita. Mwaka 2007 wanafizikia Nicolas Taberlet, Stephen Morris na Jim McElwaine walichapisha majaribio ya gurudumu lililozungushwa juu ya mchanga. Mawimbi yalijitokeza yenyewe gurudumu lilipovuka mwendo fulani, hata bila springi. Chini ya mwendo huo mchanga ulibaki tambarare. Kwa hiyo mawimbi ni kazi ya magari yenyewe.

Kwenye mawimbi hayo kuna mtego ambao abiria hawaujui. Ukienda polepole, gari hupanda na kushuka kila wimbi. Ukiongeza kidogo, kila kitu hutetemeka mpaka skrubu zinalegea. Ukizidi kuongeza, mtetemo hupungua, usukani hutulia, na abiria hupumua. Utulivu huo unatoka wapi? Matairi yameanza kuruka kutoka kilele hadi kilele na kugusa ardhi kwa muda mfupi tu. Breki zimepungua nguvu, na kona ikitokea gari huendelea moja kwa moja. Hapo hatari imekuja pamoja na ukimya wa usukani.

Aliyeleta ukimya wa kudumu alikuwa Francis Davis, mhandisi Mmarekani aliyetoka kwenye malori ya Pierce-Arrow. Mwaka 1926 alionyesha gari ambalo usukani wake ulisaidiwa na mafuta yenye shinikizo. General Motors waliuchukua ubunifu huo, wakauacha wakati wa mdororo wa uchumi. Magari ya kivita ya Vita Kuu ya Pili yakaupa kazi, na mwaka 1951 Chrysler wakauuza kwa raia kwenye gari la Imperial. Muda si mrefu Wamarekani walikuwa wanakata kona kwa kidole kimoja, wakilalamika kwamba hawajui tena matairi yako wapi.

Mwaka uliofuata, 1952, jimbo la New Jersey liliweka zege yenye mifuo pembeni mwa barabara ya Garden State Parkway, ili tairi la dereva aliyesinzia linapoikanyaga litoe mngurumo. Watanzania wanaijua jamii hiyo ya matuta kwa jina la rasta. Yaani starehe ilipoondoa habari za barabara, barabara yenyewe ikaanza kuchongwa ili isikike. Kisha kazi hiyo ikahamia ndani ya gari. Mwaka 2000 lori la Mercedes-Benz Actros lilitoa mngurumo wa rasta za uongo kwenye spika ya upande ambao gari linatoka. Mwaka 2004 Citroën walitikisa kiti, kulia au kushoto. Mwaka 2007 BMW na Audi waliupeleka mtetemo kwenye usukani.

Kuubuni mtetemo huo si jambo jepesi. Filippo Pacini, akiwa bado mwanafunzi wa udaktari huko Italia mwaka 1831, aliona kwenye mkono wa maiti vijinundu vidogo vya neva. Baadaye ilijulikana kwamba hivyo ndivyo hunasa mitetemo ya haraka, na vizuri zaidi ile ya mara 250 hivi kwa sekunde. Tairi lenye mzingo wa mita mbili, gari likienda kilomita 100 kwa saa, huzunguka mara 14 kwa sekunde. Likiwa halina ulinganifu, usukani utatetemeka kwa mapigo hayohayo. Onyo lazima litofautiane nalo, la sivyo dereva ataenda kwa fundi wa matairi badala ya kurudi kwenye njia yake. Na kwenye mawimbi ya udongo yaliyoachana nusu mita na zaidi kidogo, mwendo wa kilomita 60 kwa saa huleta mapigo yapata 30 kila sekunde, yenye nguvu ya kumeza kimota chochote kilichofichwa ndani ya duara.

Gari la namna hiyo likiletwa Kabambare, mfumo haubishani na mtu. Kamera hutafuta mstari, huukosa, na kifaa hukaa kimya. Dereva hubaki na mtetemo wa barabara yenyewe, kama msaada wa umeme kwenye usukani utauruhusu upite.

Kuruhusu kwenyewe sasa ni kazi ya programu. Infiniti Q50 ya mwaka 2013 iliongozwa kwa nyaya za umeme, huku muunganisho wa chuma ukiwekwa kama akiba tu. Tesla Cybertruck ya mwaka 2023 haina muunganisho huo kabisa. Kila kitu anachohisi dereva kwenye magari hayo hutengenezwa na mota, na aliyeandika programu ndiye anayeamua kama mfereji wa mvua ufike kiganjani au uchujwe njiani. Barabara ya udongo haimo hata kwenye majaribio: Kanuni namba 130 ya Umoja wa Mataifa, inayosimamia mifumo ya kuonya magari makubwa yanapotoka kwenye njia, inataka majaribio yafanyike juu ya lami au zege kavu na tambarare, yenye mistari inayoonekana.